Nilijifunza phrasal verbs ili niongee na mjukuu wangu, halafu alipofika nikanyamaza

Wakuu, salaam. Wazee wenzangu hamjambo, na nyie vijana marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Hii siyo chai. Imenikuta mimi mwenyewe, hapahapa Arusha, na sioni faida ya kudanganya watu nisiowajua. Anayetaka kubisha abishe, ila aanze kwa kusoma hadi mwisho.

Mimi ni Mwarusha, naishi Kimandolu, nina kaduka ka spea za pikipiki. Mke wangu alishatangulia. Mtoto tulijaliwa mmoja tu, Neema, ambaye ni nesi Uingereza. Aliolewa huko, akaachika hukohuko, akabaki na mtoto wa kiume anayeitwa Joshua. Sina mjukuu mwingine.

Joshua hajui Kiswahili kabisa.

Jumapili Neema akipiga video call anamsukumia simu amsalimie babu. Mtoto ananiangalia, na mimi namwangalia. Namuuliza, "How are you?" Anajibu, "Good." Basi, maongezi yameisha.

Wakuu, inauma. Macho ya yule mtoto ni ya marehemu mke wangu kabisa, halafu huna hata la kumwambia.

Msije mkadhani mimi ni mbumbumbu. Kiingereza nilisoma, na Wazungu wanaokuja dukani na pikipiki zao nawahudumia bila mkalimani. Lakini Joshua akiongea nasikia vijineno vifupi tu: get, put, off, up. Kimoja kimoja navijua vyote. Vikikaa pamoja, naachwa stendi.

Basi Neema akaniambia Krismasi wanakuja. Badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu. Huyu mtoto atakuja, atakaa, ataondoka, na hatakuwa amenifahamu. Nauli yenyewe si ya mchezo, na mpaka waje tena sijui kama nitakuwepo.

Nina mpangaji, Madam Upendo, anafundisha English medium. Nikamweleza shida yangu. Akasema Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Watoto wanaongea kwa phrasal verbs, yaani kitenzi kinawekewa kijineno nyuma, na maana inahama. "Look" ni tazama, lakini "look after" ni tunza, na "look for" ni tafuta.

Nikamuuliza ni nani aliyekaa akapanga ujinga huo. Akacheka, akaniambia nisibishane na lugha ya watu.

Akanikataza kukariri. Kila ninachofanya nyumbani nikitaje kwa sauti huku nakifanya.

Nikaanza. Naamka, "get up." Navaa viatu, "put on." Nawasha redio, "turn on." Naizima, "turn off." Majirani wakaanza kuulizana kama mzee yuko sawa. Mama wa genge la jirani alinifuata kabisa kunipa pole, nikamwambia niko masomoni.

Siku moja nilifungua kopo la sukari nikakuta tupu. Nikasema kama Madam alivyonifundisha, "We have run out of sugar." Halafu nikasimama palepale jikoni. "We" ni sisi. Sisi na nani? Nyumba nzima nipo mwenyewe. Ile chai sikuinywa.

Ila niliendelea. Kufika Desemba Madam akasema niko vizuri, nimngoje tu mgeni wangu.

Sasa wakuu, kwa wasiotujua. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa, anainamisha kichwa na mkubwa anaweka mkono juu. Ndiyo salamu. Na mkubwa haanzi kusalimia. Unasimama, unangoja kichwa kije.

Siku ikafika, wakatoka pale uwanja wa ndege, KIA. Neema akanikumbatia, analia, nami nikajikaza. Nikamgeukia Joshua, mkono uko tayari, nikangoja.

Mtoto akasimama wima, akaninyooshea mkono kama tumekubaliana bei ya ng'ombe. "Hi."

Nikaushika. Lakini Kiingereza chote nilichohangaika nacho, hata "get in" ya kumwingiza garini haikutoka. Mpaka tunafika Kimandolu sikumsemesha.

Kesho yake nikangoja, keshokutwa nikangoja. Kila asubuhi anapita na "Hi" yake, nami naitikia kwa kichwa. Nilijiambia siku akija kuniamkia ndipo nitamfungulia maneno yote. Mnaosema ni ukaidi, sawa. Mimi ndivyo nilivyolelewa.

Siku zikawa zinakwenda hivyohivyo. Anacheza na simu yake kwenye kiti, nami niko kiti cha pili, sebule moja. Wakuu, niwaambie ukweli, nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa peke yangu.

Krismasi ikapita. Siku moja baada ya chakula Neema akakaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, Joshua ameniuliza amekukosea nini. Anataka turudi."

Nikamwambia hajaniamkia.

Machozi yakamtoka Neema. "Baba, atajuaje? Nani wa kumwonyesha kule? Mimi nikitoka kazini ni kulala tu. Kule hatuna mtu."

Kumbe muda wote mimi nasubiri kitu ambacho mtoto hajui kama kipo.

Asubuhi yake niliingia chumbani alikolala Joshua na mama yake. Nikamwambia, "Get up. Put on your shoes. Come along."

Akashtuka, akamwangalia mama yake. Kisha akasema, "You speak English?"

Nikamwambia, "Hurry up."

Tukapanda shambani kwetu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Yule mtoto aliongea mpaka nikachoka! Alikuwa ameyabana maneno muda wote huo. Nikipotea namwambia, "Slow down," naye anapunguza mwendo. Akaniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia aligombana na kila mtu hapa Kimandolu na wote walikuja kumzika. Akacheka sana. Kucheka kwake nako ni kwa mke wangu.

Siku zilizokuwa zimebaki zilikuwa chache mno. Tulishinda pamoja, dukani tupo wote, sokoni tupo wote. Halafu wakaondoka. Nilirudi nyumbani kutoka KIA nikakaa kwenye gari getini, sikutaka kuingia ndani.

Zile siku nilizokaa namngoja zinanila mpaka leo. Nilijua la kumwambia, na mtu wa kumwambia alikuwa mbele yangu.

Juzi simu ikaita mchana nikiwa dukani, siyo Jumapili. Nikadhani Neema kapata tatizo. Kumbe ni Joshua, kapiga mwenyewe. Mama yake katoka shifti, amelala. Kanong'ona asimwamshe.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu.

Nikadhani ameshamaliza, nikamwambia haya mjukuu wangu, bye. Akasema haraka, "Babu, don't hang up."

Hiyo Madam hakunifundisha. Lakini niliielewa palepale, maana hata mimi sikutaka akate.

Nikamwambia mteja asubiri. Mteja akachoka akaenda duka la pili. Tulikaa hivyo, yeye kule, mimi huku, hakuna aliyekuwa na habari ya maana. Alinisikiliza nikipanga plagi kwenye shelfu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba lugha unaweza kuisoma ukaiweza na bado ukakaa bubu. Mtu wako akiwa mbele yako, anza wewe. Nani mkubwa na nani mdogo mtapangana mbele ya safari.

Na bado nasema watoto wafundishwe kuamkia. Hapo sirudi nyuma.

Karibuni wadau, hasa wenye wajukuu na watoto nje. Nyie mnaongea nao nini simu ikipigwa? Na kule mtoto anashinda na nani? Andikeni hata kama ni kirefu. Duka nimeshafunga, nipo hapa nawasoma.