Namba za Vitufe

Kila asubuhi fundi wa programu huipiga kompyuta kikofi, akaigombeza kama mdogo wake: "Amka, mvivu we!" Kila kitufe kina namba yake. Kwenye asembli, lugha ya kuiamuru mashine hatua kwa hatua, huandika tu "namba ya kitufe cha kwanza, ongeza moja", mashine ikapiga hesabu yenyewe. Lakini faili linalopanga vitufe kwenye skrini halijui kujumlisha. Linataka namba iliyokwisha kuiva. Basi akatunga kijiprogramu cha kulihesabia.

"Kifute, dada," bosi alimwambia. "Andika namba kwa mkono, kwenye asembli na kwenye faili."

"Nikikosea upande mmoja, Hifadhi ipate namba ya Futa, mteja abonyeze Hifadhi, kazi yake ifutike?"

"Hapa naamuru mimi!"

"Basi amuru viti, kaka. Mimi sitegei watu mitego."

Akabeba mkoba, akapita katikati ya wenzake walioinamisha vichwa, na hakurudi.