Mwishehe, Mtunza Mbwa wa Mbio

Pale Temeke penye nyumba leo palikuwa na uwanja, na kabla ya uwanja palikuwa na mihogo ya Bi Mwanahamisi. Baada ya vita vya Hitla, Wazungu walitaka mahali pa kushindanisha mbwa. Mihogo iking'olewa bado michanga, bibi aliambiwa ashukuru, maana mwanawe wa pekee, Mwishehe, atapata kazi. Kazi yenyewe ni kutunza mbwa.

Mzaramo, Muislamu, aliyehitimu chuo cha Kurani, anashika mbwa! Mtaa ulikuwa na njaa, lakini kwa kumsema Mwishehe ulishiba. Jumamosi alasiri mbwa wale wembamba walimfukuza sungura wa kitambaa anayevutwa kwa kamba, na Wazungu wakipiga kelele kwenye mabenchi. Siku nyingine vijana wetu walicheza mpira kwenye nyasi hizohizo, na hakuna aliyeziita najisi. Najisi alikuwa Mwishehe peke yake.

Akitoka kazini alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Haikumsaidia kitu. Kisimani wanawake walifunika ndoo zao, msikitini safu ilimkwepa. Nasema wazi, naona uchungu mpaka leo: watu wetu wakishaamua kukuchukia, hata dini yao wenyewe hawaisikilizi.

Bi Mwanahamisi alipozidiwa na maradhi alimshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, nikifa unishushe kaburini wewe. Sitaki mtu baki anishike."

"Inshallah, mama. Na mbwa nawaacha."

Akaenda kuaga. Bwana wa uwanja, Mzungu mwenye shingo nyekundu, akamwambia amalize Jumamosi ile kwanza. Enzi hizo mtumishi akitoroka kazi alifungwa jela, kwa hiyo Mwishehe akakubali.

Jumamosi hiyohiyo asubuhi mama akakata roho. Mwishehe akamfumba macho, akamwomba jirani yao, Mzee Pazi, wanaume wamngoje, wasizike bila yeye. Kisha akakimbia uwanjani kuomba ruhusa.

"Mama kwisha kufa," bwana akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Mbwa bado. Kimbiza kwanza." Akaamuru geti lifungwe.

Akawakimbiza, machozi yakimtoka, na watu wa mabenchini wakamcheka. Mbio zilipokwisha alijisugua kwa udongo mpaka ngozi ikachubuka, akatimua mbio kwenda nyumbani.

Alikuta mikeka imejaa watu mpaka barazani. Moyo ukamtulia, kwani siku zote aliogopa kwamba mama yake atakosa hata wa kubeba jeneza.

"Shikamoo, Mzee Pazi. Twendeni basi, jua linazama."

"Tumeshazika."

"Mmezika? Nani kamshusha?"

"Mie na wenzangu."

"Mzee wangu, si nilikuomba mningoje?"

Mzee Pazi akasogeza kanzu yake isimguse. "Uliniomba, na wote niliwaambia. Ndiyo maana tukafanya haraka. Wewe ungekuwepo, nani angekuja?"