Doa la Mawese Gisenyi

Nianze na ubishi, maana bila ubishi ule tusingevuka mpaka kwenda kupiga picha. Mama anasema kwamba wiki moja baada ya harusi yao, yeye na baba walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, wakasimama mbele ya ukuta mfupi wa mawe kando ya ziwa, na mpiga picha akawapiga picha, baba akiwa amemshika mkono. Baba anasema hapana. Anasema siku ile alishika kofia yake kwa sababu ya upepo, basi. Picha yenyewe ilitundikwa katika nyumba yetu ya zamani, Birere, hapa Goma, mpaka volkano iliposhuka mjini, na lava haikutuachia hata msumari. Mimi nilikuwa mdogo sana. Sikumbuki mkono wala kofia.

Kesi hiyo imenilea. Kwenye kila harusi ya jamaa inafufuliwa, wageni wanacheka, baba anatikisa kichwa. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka mwaka huu, tukiwa uani tunachambua sombe, majani ya muhogo, mama aliponiambia bila hata kuinua macho: "Mwanangu, ninazeeka, na hakuna hata mutu mmoja anayesadiki kwamba bwana yangu alinishika mukono mbele ya batu. Hata weye husadiki."

Ni kweli, nilikuwa sisadiki. Baba yetu ni mtu wa Butembo, mfanyabiashara tangu ujana wake, na akimsalimu mama mbele ya wageni utadhani anamsalimu mteja. Lakini maneno yale yaliniuma sana. Nikasema basi, Jumamosi tunakwenda Gisenyi. Ukuta uleule, ziwa lilelile, picha mpya. Mimi nikishasema sirudi nyuma, na hasira zangu zinajulikana Munigi nzima, mtaani kwetu, kwa hiyo baba hakubisha sana. Alisema tu, "Nitakuja. Lakini mukono sishiki. Mimi si mutoto."

Hata hivyo kitambaa alikichagua yeye. Baba anauza vitenge pale Birere, sisi tunaviita vikwembe, na kwetu familia ikienda kupiga picha ya maana inavaa kitambaa kimoja. Alituletea cha buluu chenye ndege weupe. Yeye alishonewa shati, mimi na mdogo wangu magauni, mama blauzi na vikwembe viwili, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kujifunga juu yake, maana mama mwenye heshima hapigwi picha na kimoja. Asubuhi ile tulipojipanga mlangoni, jamani, tulipendeza! Roho ilinidunda kama nakwenda kuolewa mimi. Mdogo wangu, mwenye simu nzuri kuliko yangu na asiyechoka kunikumbusha, alianza kupiga picha kabla hatujapata hata pikipiki.

Kabla ya kutoka mama alitukagua. Rwanda hawataki mifuko ya plastiki, zile sashe zetu, na Goma nzima inajua. Alitoa sashe iliyofunga viatu vyangu, akatoa nyingine kwenye mkoba wa mdogo wangu, akamwuliza baba kama mifukoni yuko safi. "Musinipatishe haya kwenye bariyeri," alisema.

Bariyeri ndogo ya mpakani ilijaa kama kawaida, akina mama na mabeseni ya nyanya, kila mtu anamsukuma wa mbele. Zamu yetu ilipofika, ofisa mmoja, mwanamke mpole, alifungua kikapu cha mama. Makemba, ndizi za kukaanga kwa mawese, ndani ya sashe. Sambaza, dagaa wa ziwani, ndani ya sashe. Fufu, ugali wetu, madonge manne, kila donge na sashe yake. Alizipanga mezani moja moja bila haraka. "Mama, chakula kinapita," alisema. "Sashe zinabaki."

"Hizo si sashe," mama alisema. "Hizo ni za chakula!"

Mdogo wangu alijificha nyuma yangu akicheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi nilikuwa nimeuma midomo. Baba, ambaye hapendi kusimamisha mstari, alisema tutupe tu, tutakula brosheti za nyama ya kuchoma kule mbele, na mama akamkata jicho. Kutupa makemba? Aliamka saa kumi alfajiri kuyakaanga! Kabla hatujaelewa anafanya nini, alishafungua kikwembe chake cha juu, akakitandaza juu ya meza ya watu, akamwaga makemba, sambaza na fufu, akafunga mafundo mawili.

"Mama! Kikwembe cha picha!" nilipiga kelele.

"Ndani bado ni safi," alinijibu, akatia furushi lake kwapani na kuingia Rwanda kichwa juu. Baba alifuata nyuma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona bidhaa yake ikitumiwa kufutia sufuria.

Upande wa pili tulitaka pikipiki, lakini kule kila abiria na pikipiki yake, na kila kichwa na helmeti yake. Sisi tumezoea kubebana watatu. Mama aligusa kilemba chake, alichokifunga asubuhi kwa nusu saa nzima mbele ya kioo, akasema yeye hakivunji kwa ajili ya mutu. Tukatembea. Na ilikuwa raha! Barabara safi, miti mikubwa ya kivuli, ziwa linang'aa kati ya nyumba. Mdogo wangu alipiga picha kila kitu, benchi tupu, benchi na baba, mimi nikimfokea aharakishe. Tulipofika ufukweni mama alisimama ghafla. "Angalieni kwetu!" Goma ilikuwa pale kandokando ya maji, mabati yake yakimetameta, volkano yetu, Nyiragongo, juu yake na kofia ya wingu. Kila siku naupita mji ule nikilalamika vumbi na mashimo. Siku ile nilitaka kumshika mtu yeyote anayepita nimwambie, ule pale ni mji wangu.

Tulikula kwenye nyasi, tukaongeza brosheti za mbuzi na Fanta, baba akacheka mara mbili, nilihesabu. Kisha mama akaanza kuutafuta ukuta wake. Alipita mmoja, akakataa. Wa pili, akakataa. Kwenye wa tatu aliweka kiganja juu ya mawe. "Ni huu," alisema. Baba aliutazama ukuta, akatazama maji. Hakubisha, na mimi niliona kwamba hakubisha.

Hapo ndipo mama alipokikung'uta kikwembe ajifunge. Yoo! Doa la mawese, jekundu, kubwa kama sahani. Akageuza upande wa pili, mafuta yamepenya. Akakikunja hivi, akakikunja vile, doa likabaki ubavuni, mahali palepale simu inapotazama. Hakulia, lakini alianza kusema maneno ya mtu aliyekata tamaa, kwamba si kitu, kwamba mupigwe tu nyinyi batatu. Niliona uchungu mpaka nikamgombeza mdogo wangu ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Simama, mama," nilisema. "Utapigwa hivyohivyo."

Walisimama mbele ya ukuta, baba kushoto kwa mama, kati yao nafasi ya kupitisha kikapu. Upepo ulivuma kidogo na baba akashika kofia yake makusudi, akinitazama mimi. Mdogo wangu alihesabu, moja, mbili, halafu baba akasema, "Ngoja kwanza."

Alikuwa analitazama lile doa. Niliujua uso wake, ni ule anaouvaa yeye mteja anapokunjua kitambaa kibaya dukani. "Picha hii itafika Birere," alisema. "Batu batasema ninauza vikwembe vichafu." Akaachia kofia. Akasogea, akanyoosha mkono wake wa kuume, akaulaza juu ya doa, wote, vidole vimetanuka.

Mama hakugeuza shingo. Aliinua tu mkono wake taratibu, akauweka juu ya ule wa baba, akapitisha vidole vyake kati ya vidole vya baba. Mimi nilisubiri baba autoe. Hakuutoa. Mdogo wangu alipiga picha kama mwehu, bila hata kuhesabu, na mimi niliruka juu nikapiga vigelegele mpaka watu waliokuwa wanaogelea wakageuka.

Wakati wa kurudi, kwenye mstari wa bariyeri, mama aliing'ang'ania simu. Aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena.

"Unaona, muzee?" alisema. "Mukono. Sasa nina ushuhuda."

"Hapo nimefunika doa," baba alisema.

"Haya, doa." Mama alimrudishia mdogo wangu simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilifungua mdomo nimpashe baba, kwa kweli nilikuwa tayari, hata kama ni baba yangu.

Baba alikohoa. Alikuwa anaangalia mbele, kwenye migongo ya watu. "Siku ile ya kwanza ulikuwa mukono wa kushoto," alisema. "Wa kuume ndio ulishika kofia."

Mstari ulisonga, mama hakusonga. Wa nyuma wakaanza kulalamika, mama mmoja wa nyanya akatusukuma na beseni lake. Miaka yote ile! Mama alinyoosha mkono, akamvua baba kofia kichwani, akaitia ndani ya kikapu, na kikapu akanipa mimi. Wakavuka bariyeri baba akiwa hana kitu kingine cha kushika ila mkono wa mama.