Turbo ya Kiplagat na Ulimi wa Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi katika gereji ya mjomba wangu hapa Nakuru, kaka yangu Kiplagat alipofungua gunia na kutoa turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, kubwa kama kichwa cha ndama. Mwanangu, wewe uliyenionyesha juzi kwenye simu turbo unayotaka kuifunga kwenye gari lako, keti kidogo. Chai ipo.

Kiplagat alikuwa dereva wa mashindano, na mimi ndiye niliyeketi kando yake nikimsomea kona kutoka daftarini. Gari letu lilikuwa dogo na kuukuu, tulilifufua pamoja na mjomba Sigei chuma kwa chuma. Mjomba ndiye aliyetulea baba alipofariki, ndiye aliyemfundisha kaka kushika spana. Lakini kila mashindano tulimaliza nyuma ya kijana mmoja wa Njoro, na Kiplagat alikuwa amechoka kupewa pole.

"Mjomba, nisaidie kuifunga," alisema.

Mjomba aliigeuza mikononi. Angeweza kumweleza aliyoyajua: kwamba turbo kubwa huchelewa kuamka, utakanyaga mafuta gari likae kimya, halafu nguvu zote zije kwa mkupuo ukiwa tayari katikati ya kona. Hayo mimi niliyasikia baadaye, kwa fundi mwingine kabisa. Siku ile, mbele ya mafundi na wateja, mjomba alisema, "Hii ni ya watu wenye akili. Wewe ni baba yako mtupu, domo refu, kichwa bure. Na yeye tulimzika kwa ujinga wake."

Watu wakacheka. Kiplagat aliirudisha turbo guniani polepole, akafunga kamba, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani.

"Labda ana sababu," nilimwambia.

"Sababu gani? Umemsikia akitaja injini hata mara moja?"

Wahenga hutuambia dawa chungu ndiyo iponyayo, lakini hawakusema utemewe usoni.

Alipata fundi mwingine mtaani Kaptembwo, akaifunga bila kuuliza swali. Na kwenye barabara iliyonyooka, mwanangu, sitakudanganya, gari liliruka. Tulipiga kelele kama watoto.

Mashindano yalikuwa juu kule Olenguruone. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa unateleza. Nikamsomea, "Kulia, kali, inabana." Alipunguza mwendo, kisha akakanyaga mafuta tutoke kwenye kona. Kimya. Akakanyaga zaidi. Nilimsikia akisema, "Njoo basi," kama mtu anayeita ng'ombe mkaidi. Nguvu zikaja, zote kwa pamoja. Magurudumu ya nyuma yakatukimbia, tukavuka ukingo, tukaporomoka hadi kwenye shamba la chai. Mimi nilivunjika mkono. Yeye alivunjika uti wa mgongo.

Aliishi miaka mingi kitandani, nyumbani kwangu. Ni mimi niliyemgeuza na kumwosha. Gari likipita nje aliitambua injini yake kwa sauti tu, akanitajia, nami nikajifanya nafurahi. Na mara kwa mara aliuliza, "Mjomba amesema atakuja?"

Nilikwenda kumwita. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Mjomba, Kiplagat anakuuliza."

"Nilimwambia," alijibu kutoka kule chini. Hakutoka.

Alikuja siku ya mazishi ya Kiplagat. Alikuwa amezeeka, na kando ya kaburi akarudia mbele ya watu, "Mimi nilimwambia huyu kijana."

Mungu anisamehe, nilimjibu palepale. "Hukumwambia, mjomba. Ulimtukana. Ungemwambia, angesikia."

Hatukusemezana tena mpaka naye akafariki, na mpaka leo sijui kama alilala chini ya lori lile kwa kiburi au kwa kuficha machozi. Uchungu huo haujapungua hata kidogo kwa sababu eti nilikuwa na haki.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukionywa kwa matusi, meza hasira, kisha urudi peke yako umwulize aliyekutukana, "Sababu ni nini?" Ndani ya neno chafu huenda kuna ukweli, na ukiliacha lipite, atakayeumia si aliyelisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nakubali. Lakini mkuu naye aseme linalosikika! Nawe ukizeeka, ukajua jambo linaloweza kumwua mtu, mwambie faraghani, mwambie kwa upole, na asipokusikia mwambie tena. Akianguka, nenda ukamwone.

Turbo yako sikukatazi. Nakukataza fundi anayefunga bila kukuuliza injini itabeba nini, na wewe kona utazipitaje.

Mungu akupe sikio linalovumilia na ulimi usiochoma. Wakupendao wasiishie kukugeuza kitandani. Uzeeke, mwanangu, ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.