Kwa Dadangu Permalosa

Nilitoka Malindi kwenda kupatana na dadangu Zuhura, kabla kifo hakijatuamulia. Nilipomwoza binti yangu, mwalishi alibisha hodi kwa jamaa zetu wote wa Mji wa Kale kuwaalika, ila kwake. Yeye nilimpigia simu, nikidhani dada wa tumbo moja haalikwi kama jirani. Akasusa. Harusini hakuja, na simu zangu hakupokea tena.

Mtaliano ninayempikia alinipa neno la kwao: permalosa. "Si mtu aliyekasirika leo," alinieleza. "Ni tabia. Mwepesi wa kuumia, kila neno huona limemlenga yeye."

"Ni tusi?"

"Kidogo. Lakini humwambii usiyemjua. Ni la mke, la ndugu, la rafiki."

Neno lilinipendeza. Kila nilipoulizwa kuhusu dada nililitumia, na upweke ukapungua kidogo.

Asubuhi ya safari nilivuka daraja la Nyali, nikateremka mjini. Biashara Street nilichagua leso, nikisoma maandishi mara mbili nisije nikampelekea fumbo.

"Za nani?" akauliza mwenye duka.

"Za dadangu. Tumekosana."

"Basi chukua hizi za dua. Hizi hazigombi na mtu."

Mji wa Kale nilifika nimeshapanga majibu ya kila tusi. Dada akafungua mlango mwenyewe.

"Salaam alaykum, dada."

"Alaykum salaam. Karibu, Bi Salama. Watu wa Malindi hawajambo?"

"Hawajambo, wakusalimu."

Bi Salama! Tangu utotoni aliniita Sale. Akaniketisha sebuleni, kahawa ikaja kwa vikombe vya kabatini, na halua pembeni. Zamani nilikuwa nikipita moja kwa moja jikoni kufunua masufuria. Leso alizipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante. Umejisumbua."

"Dada, ile harusi..."

"Yashapita hayo. Kunywa kahawa, itapoa."

Nilimtafutia kinyongo usoni, sikukiona. Akaniuliza kama Malindi kumenyesha.

Alasiri alinisindikiza hadi mlangoni. "Karibu tena," akasema, akafunga taratibu.

Ndani ya basi la kurudi nililia bila kujificha. Anayesusa bado anangoja kubembelezwa. Dadangu alishachoka kungoja, na mimi nilichelewa kulijua hilo. Siku hizi Mtaliano akiniuliza hali ya yule permalosa, namjibu kwamba ni mkarimu sana.