Sikio Zima na Sikio Salama

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji sikupewa chombo chochote. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, katika hospitali ndogo ya Changamwe, na mimi nilikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, niliyetolewa wodini asubuhi ileile. Sista msimamizi alinikalisha kwenye kigoda chini ya shuka zilizomfunika mgonjwa, uso wangu karibu na wake. "Tazama mdomo na jicho," akaniambia. "Kikicheza chochote, sema."

Baadaye nilielewa. Daktari Mpasuaji, aliyetujia mara moja kwa wiki kutoka kisiwani, alikuwa akichimba mfupa wa panja, ule ulio nyuma ya sikio. Ndani ya mfupa huo hupita neva inayoendesha uso. Patasi ikiigusa, mdomo hucheza. Ikiikata, uso hulegea upande mmoja maisha yote. Kwa hiyo kila mara aliuliza, "Uso?" nami nilijibu kutoka chini ya shuka, "Salama, bwana." Hiyo ndiyo kazi niliyokabidhiwa, na hilo ndilo lililokuwa neno langu.

Ugonjwa tuliouchimba huitwa kolesteatoma. Ni ngozi ya kawaida iliyopotea njia, ikaingia nyuma ya kiwambo cha sikio. Huko ndani huendelea kubambuka kama ngozi yoyote, lakini magamba hayana pa kutokea, hivyo hurundikana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, meupe, yanang'aa. Si saratani. Hata hivyo hula mfupa polepole, na juu ya mfupa ule kuna ubongo. Dalili yake ni usaha mchache, wenye harufu mbaya, usioisha. Watu wetu walitia mafuta ya nazi na pamba, na usaha ukikauka walishukuru. Mara nyingine ulikuwa umekauka kwa sababu umepata njia ya ndani, kuelekea ubongoni.

Bakari wa Bofu alitujia akiyumba, mkewe Mwanamisi amemshika mkono. Kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha kazini, katikati ya reli.

"Wafanya kazi gani?" nilimwuliza nikisafisha sikio lake la kulia.

"Nasikiliza magurudumu."

Nikacheka. "Yasema nini?"

"Usicheke, yakhe. Mamako akinunua chungu, si hukigonga kwanza? Basi mimi nagonga gurudumu la behewa kwa nyundo. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama mtu mwenye mafua. Nikikosea, behewa laanguka."

"Na sikio linalonuka hivi lasikia?"

"Lanuka, na lasikia. Wewe wanukia sabuni, na salamu yangu pale mlangoni hukuisikia."

Alisema kweli. Katika ugonjwa huu, uvimbe wenyewe waweza kupitisha sauti mahali pa mifupa uliyoila, na mgonjwa akasikia vizuri mpaka siku ya kuuondoa.

Daktari alimweleza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha bara. "Mimi taacha hii, wewe takufa. Mimi tapasua, sikio yako takuwa salama."

"Salama kabisa?" Bakari akauliza.

"Salama kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanamisi. Nami nilifurahi pamoja nao.

Daktari hakudanganya. Katika lugha ya kazi yetu, sikio salama ni lile lisiloweza kumwua mwenyewe: pango kavu, wazi, lisilo na ugonjwa uliobaki. Ndani ya sikio mna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Kwa Bakari, fuawe lilikuwa limeliwa nusu na nyundo imezungukwa na uvimbe. Kwa upasuaji wa siku zile, kuviacha hivyo viwili kulikuwa kuuacha ugonjwa. Vikatolewa. "Uso?" "Salama, bwana."

Siku ya kutoa shashi sikioni, Bakari aliomba kijiko. Akaziba sikio la kushoto kwa kidole, akagonga chuma cha kitanda, akatega la kulia. Akagonga tena, kwa nguvu.

"Daktari, mbona chuma kimekufa?"

"Sikio ni kavu. Ni salama."

"Mimi nilikuwa na sikio zima," Bakari akasema. "Gurudumu ama ni zima, ama lina ufa. Wallahi sijapata kukuta gurudumu salama."

Daktari akanigeukia, nikamfasiria. Akaenda kunawa mikono.

Sikio la kushoto lilikuwa bado jema, kwa hiyo Bakari alirudi relini. Lakini sikio moja halijui sauti imetoka upande gani. Injini ikipiga honi yeye aligeukia upande mwingine. Msimamizi wa yadi akamwondoa, akampa ufagio wa stoo. Mwanamisi ndiye aliyetuletea habari. "Wasema ni kwa usalama wake," akasema, akatutazama mmoja mmoja.

Mwaka wa uhuru nilihamishiwa hospitali kubwa kisiwani, na Daktari akarejea kwao. Siku ya kuagana aliniuliza, "Yule mtu ya magurudumu iko hai?" Nikamwambia yu hai. "Basi," akasema. Miaka iliyofuata ilileta darubini ya upasuaji, na vijana wetu wakajifunza kuunda upya vifupa vya sikio. Mara nyingi nilitamani Bakari angekuja wakati huo. Lakini angengoja, angekufa. Ninachojutia ni kwamba hatukumwekea mambo mawili mezani, uhai na kazi, kwa maneno yake mwenyewe, achague.

Nilipostaafu nilikwenda Bofu. Nilimkuta barazani pake, Mwanamisi akibishana bei na muuza vyungu. Bakari aligonga kimoja, akakielekeza kwenye sikio la kushoto. "Hiki kina ufa."

"Mzee, chungu kipya hicho!"

"Kipya, naam. Na ufa wake mpya."

Nilimwamkia kutoka upande wake wa kulia. Hakugeuka. Ikabidi nizunguke nisimame mbele yake.

"Dresa! Hujambo? U mzima?"

"Salama," nikajibu, kwa mazoea.

Alicheka sana, mdomo wote, pande zote mbili sawasawa. Uso ule ndio niliokabidhiwa kuulinda, na haukupungukiwa na kitu. Kusikia kwake hakukuwa zamu ya mtu yeyote.