Mchezo Uliosubiri Mazishi

Mwanangu Lameki hana mke, hana shamba, ana kompyuta. Anatunza pia za Zuena, mwenye duka la intaneti hapa Makambako, karibu na barabara ya kwenda Njombe. Mimi nauza viazi vya kuchemsha nje ya duka hilo, kwa hiyo namwona kutwa. Macho yake yanazidi kuzama.

Kinachomkondesha ni sataranji. Wala hachezi yeye. Ameandika programu inayocheza, na watu wa nchi nyingine wanazo za kwao, basi mashine hupambana zenyewe mtandaoni. Mimi niliyezoea drafti ya vizibo pale stendi nilimuuliza raha iko wapi. Akasema ni kama kupeleka mtoto kwenye mtihani, mzazi unabaki dirishani. Hilo nililielewa.

Alianza na seva ya bure. Seva ni kompyuta ya mbali ambako mashine hizo hukutana. Pale anaingia yeyote, na mtandao ukikukatikia kidogo tu umeshindwa. Mwaka ule wa mgao wa umeme, nani Makambako asingekatika? Kila mechi ilikatika, na kila mara waliandika kwenye jina lake kwamba amekimbia. Neno hilo lilimuuma kuliko kushindwa.

Ilikuwepo nyingine, ya kulipia. Hiyo ina msimamizi. Ukikatika unamweleza, mchezo unahifadhiwa, mnapanga siku nyingine. Lakini inataka kadi ya benki, na sisi hatuna. Zuena akasema kaka yake Ussi, mwenye malori, anayo. Nikaogopa. Nilimwambia Lameki abaki na ya bure, ya bure haimdai mtu.

"Inanila jina, mama," akasema.

Ussi akalipa ada ya mwaka. Lameki akawa anamtengenezea kompyuta za ofisi kila jioni, na mimi nikayahesabu hayo kuwa mwanzo wa kukonda kwake.

Siku ya mechi ya kwanza kwenye seva ile ya kulipia, umeme haukuwepo. Zuena aliwasha jenereta. Baada ya muda Lameki akanionyesha dole gumba dirishani: mashine yake inaongoza. Ndipo kilio kikapanda kutoka nyumba ya nyuma. Mzee Benno, fundi baiskeli, amefariki.

Kwetu jirani akifa, injini hazingurumi mpaka azikwe. Zuena alisimama mlangoni akimtazama Lameki. Nami nilimtazama. Lameki akaandika mstari mmoja kwa msimamizi, akaenda uani, akaizima jenereta mwenyewe, akachukua koti kwenda kupasua kuni za msiba.

Tulimzika kijijini Kitandililo, mvua ikitunyeshea. Kesho yake umeme ukarudi. Mchezo ulikuwa pale pale ulipoachwa, na yule mpinzani, Mholanzi, ameandika pole kwa msiba. Lameki akaketi tena. Mimi nikauza viazi huku nikikosea chenji za watu.

Alitoka jioni, akakaa juu ya ndoo yangu.

"Imeshinda?"

"Imeshindwa."

"Si ilikuwa inaongoza?"

"Ilikuwa. Lakini imecheza mpaka mwisho, mama. Wameandika imeshindwa. Hawakuandika imekimbia."

Halafu akaanza kusema habari za mwaka ujao, kwamba Ussi amekubali kulipa tena. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hofu haikuja. Nikamwekea viazi viwili kwenye karatasi, nikamwambia ale kwanza.